Alhamisi Ambayo Sikushuka

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Buguruni. Mvua imekata alfajiri lakini mawingu hayajaondoka. Uani maji yametuama, jirani amepanga matofali ya kukanyagia mpaka chooni. Nimefua sare zangu mbili nikazianika chini ya bati, na najua hazitakauka leo. Chai nimepika, imepoa, sijainywa.

Nimechoka. Na si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona.

Wiki tatu sijaandika humu. Binti yangu aliponifungulia blogu hii aliniambia, "Mama, wewe una maneno mengi halafu huna wa kumwambia, andika." Nikawa naandika vituko vya watoto wa kwenye basi. Aliyefungia chura kwenye chombo cha chakula. Aliyeniuliza kama matroni naye ana mama. Leo sina kituko. Majina ya watu nimebadilisha yote, isipokuwa langu.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza: mimi ni Somoe, mtu wa Lindi, matroni wa basi la shule. Mwaka wa sita huu. Watoto wananiita Anti Somoe. Basi letu ni Kosta ya njano na dereva wetu ni kaka Komba, Mngoni mmoja mpole ambaye hata akitukanwa na bodaboda anajibu "asante". Tunabeba watoto ishirini na sita wa Kariakoo, Gerezani na kando ya Mnazi Mmoja. Wengi wazazi wao ni wafanyabiashara, wanaishi ghorofani juu ya maduka yao wenyewe.

Watu wanadhani kazi ya matroni ni kukaa na watoto wasipigane. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine iko barabarani.

Basi likisimama, Komba anawasha zile taa za tahadhari, zinawaka na kuzima, zinamweka mbele na nyuma. Mimi nashuka wa kwanza. Naangalia nyuma kushoto, kwa sababu bodaboda hupenya hapo hapo kati ya mlango na mtaro, mtoto anatia mguu chini na pikipiki iko juu yake. Pakiwa salama namshusha. Kama kwao ni ng'ambo, namshika mkono mpaka kwenye pua ya basi, namwambia asubiri hapo, halafu nasogea mwenyewe katikati ya barabara na kunyanyua kibendera chekundu. Wa nyuma wasimame, wa mbele wasimame. Ndipo namwita mtoto, naye anatembea. Hakimbii. Hilo nawafundisha tangu chekechea, kila muhula, mpaka wananiigiza sauti: barabarani hatukimbii.

Na madereva wanajua. Trafiki mmoja alikuja shuleni kutufundisha sisi na wazazi, akaeleza kwa lugha nyepesi kabisa. Basi la shule likisimama na taa zinamweka, uliye nyuma simama nyuma, unayekuja mbele simama ulipo, msubiri mpaka liondoke. Usilipite, kwa sababu hujui nani anatokea mbele ya lile basi. Basi. Haichukui hata dakika.

Lakini Kariakoo dakika ni kitu kikubwa. Kuna wanaopiga honi tangu naweka mguu chini. Kuna wanaotoa kichwa dirishani kunitukana, na kiti cha nyuma wamempakia mtoto wao wenyewe kavaa sare ya shule. Kuna mmoja alinipita mpaka kioo chake kikanigonga kiwiko. Akasimama mbele kidogo, akashuka, nikadhani anarudi kuniomba radhi. Kumbe anakagua kioo.

Nimewasema sana humu. Leo zamu yangu.

Alhamisi mvua ilianza saa sita mchana. Watoto walipotoka saa nane barabara zote za katikati ya mji zilikuwa zimeshageuka mito, foleni haisogei, vioo vya basi vimejaa ukungu na ndani kunanuka soksi. Mimi nilikuwa nimeamka kabla ya adhana ya alfajiri, kama kila siku. Goti langu la kulia lilikuwa limeanza yake tangu Jumatatu. Mwavuli ulivunjika Gerezani, upepo uliupindua ukabaki na mbavu tu, nikautupa.

Mpaka tunafika Barabara ya Uhuru nilikuwa nimeshashusha watoto kumi na mmoja. Mara kumi na moja nimeshuka, nimesimama mvuani na kibendera, nimepigiwa honi, nimerudi ndani. Nguo zimeshikana na mwili. Raba zinatoa maji nikikanyaga. Nikakaa kwenye kiti changu pale mlangoni, na kiti kilikuwa na joto. Naona aibu kuandika hivi lakini ndivyo ilivyokuwa. Kiti kilikuwa na joto na nikasema moyoni, huyu mmoja tu.

Huyo mmoja alikuwa Glory.

Glory yuko darasa la pili, ana miaka minane. Mama yake anauza vitenge kwa jumla, watu wa Marangu, duka liko chini na nyumba ghorofa ya tatu, upande wa pili wa barabara. Mtoto mwenyewe si msumbufu. Ni wale ukiwaambia "kaa" wanakaa, ukiwaambia "simama" wanasimama.

Komba akasimamisha basi, akawasha taa. Nikavuta mlango nikiwa nimekaa. Nikachungulia nyuma, kioo cheupe kwa ukungu, sikuona kitu. Kibendera kilikuwa kimelala kwenye miguu yangu.

Nikamwambia, "Kimbia mwanangu, utalowa."

Naandika tena, nisije nikajidanganya siku za mbele. Mimi, kwa mdomo wangu, nilimwambia kimbia.

Akakimbia. Nikamwona kofia yake ya mvua ya bluu inapita mbele ya kioo cha Komba. Halafu nikasikia breki. Breki kwenye maji hazilii kama breki za kawaida, zinakuwa kama mtu anachana kitambaa kirefu. Halafu kishindo kidogo. Kidogo sana. Halafu Komba akasema, "Mama yangu," akashika kichwa.

Sikumbuki kuteremka ngazi za basi. Nakumbuka nilikuwa chini, goti halinisumbui tena, namnyanyua Glory kwenye maji. Alikuwa hai. Alikuwa macho. Alikuwa hata halii, ananiangalia tu, na mkono wake wa kushoto umekaa mahali ambapo mkono haukai. Begi lake lilikuwa limeburuzwa mpaka upande wa pili. Kirikuu iliyomgonga, moja ya zile pikapu ndogo za kubebea mizigo, ilikuwa imeserereka ikaishia imeelekea ilikotoka, maboksi ya sahani yamemwagika barabarani.

Ilikuwa imetupita kulia. Basi limesimama, taa zinamweka, na yeye kapita.

Kwa Kariakoo watu hawachelewi kujaa. Wauza viatu, wabeba mizigo, bodaboda, akina mama wa vyakula, wote walikuwa pale kabla sijainuka. Dereva wa kirikuu alishavutwa nje. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, fulana imechanika begani. "Sikumwona, jamani! Sikumwona!" Mtu akampiga kofi. Mwingine akasema aletewe tofali.

Trafiki alitokea kwenye makutano anakimbia, koti la mvua linapepea, akajipenyeza katikati na kumkinga yule kijana kwa mwili wake. Namshukuru sana. Angechelewa kidogo tu leo nisingekuwa naandika habari ya mkono uliovunjika.

Akageuka kwangu. Mimi nimempakata Glory, na mkononi nimeshika kibendera. Sijui nilikiokota saa ngapi. Mkono umezoea, nafikiri, uliona barabara ukakichukua.

Trafiki akakitazama kile kibendera. "Matroni, kwa hiyo ulikuwa umesimama na bendera, na huyu akapita?"

Watu wote wakanigeukia. Kijana naye akanitazama.

Nikatikisa kichwa kukubali. Ndiyo.

Sikusema hata neno. Jioni kituo cha polisi nikaulizwa tena, nikaelezea: nilishuka, nikanyanyua kibendera, dereva hakujali. Komba akaulizwa akasema hivyo hivyo, anaangalia sakafu. Tukaweka saini. Kijana akaingizwa ndani. Kirikuu ikavutwa uani kwa polisi na yale maboksi yaliyobaki, yakilowa.

Glory alipelekwa hospitali na mama yake. Mfupa mmoja umevunjika, wa chini ya kiwiko. Akafungwa plasta. Kichwa salama, tumbo salama. Nilipopigiwa simu kuambiwa hivyo nilikaa kwenye ngazi za duka la watu nikalia mpaka mlinzi akaniuliza nani kafa.

Ijumaa nikaenda kazini.

Najua. Lakini nilikwenda. Nikavaa sare kavu, nikapanda basi, nikahesabu watoto, ishirini na tano. Mstarini asubuhi mwalimu mkuu akaeleza ajali, akawaonya watoto, halafu akasema, "Tumpigie makofi Anti Somoe, aliyesimama barabarani kuwalinda." Watoto mia tatu wakanipigia makofi. Wale wadogo wakapiga kwa nguvu zaidi, wanaruka ruka. Mimi nimesimama karibu na mlingoti wa bendera, natabasamu kama mjinga.

Sijawahi kujichukia namna ile.

Nikamfuata Komba kwenye basi. Nikamwambia siwezi hili jambo. Alikuwa anafuta kioo kwa gazeti, hakugeuka.

"Acha yapite, dada," akasema. "Mtoto mzima. Mkono utaunga. Yule kapita basi la shule limesimama, kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Basi kosa analo. Sisi tumeongeza kidogo tu. Ukifungua mdomo tunatoka kazini wote wawili, na mimi maelezo yangu nimeshayaweka saini. Nina watoto wanne, Somoe."

Alivyosema ilikuwa na akili. Siku nzima nikajirudia maneno yake: kosa analo, kosa analo. Mchana tukarudisha watoto na nikashuka kila kituo, mvua hakuna, nikanyanyua kibendera juu kuliko siku zote. Kuna teksi ilisimama vizuri kabisa, dereva akanipungia mkono kwa heshima. Nikaona afadhali angenitukana.

Saa tisa na nusu nilipomaliza nikaenda kumwona Glory. Sikupanga kusema kitu. Nilinunua machungwa na juisi kama mtu yeyote anayekwenda kumwona mgonjwa.

Mama Glory alifunga duka akapanda na mimi. Ngazi za ghorofa tatu, goti langu linapiga kelele, na yeye kanishika mkono njia nzima. Sebuleni akanikalisha, akaingia chumbani akatoka na doti mbili za kitenge, zile nzito. Akaniwekea mapajani.

"Anti Somoe, sina cha kukulipa. Ungekuwa hukusimama pale yule mtu angekuja na mwendo wake wote. Ningekuwa nazungumza mengine sasa hivi."

Nikasema asante. Jamani, nikasema asante.

Glory alikuwa kwenye kochi, mkono umetundikwa shingoni, katuni inaendelea kwenye televisheni bila sauti. Mama yake akamgeukia. "Na huyu nimemgombeza. Nimemwambia, Anti kasimama barabarani anakuita utembee, wewe unakimbia. Mara ngapi tunakwambia? Eti Glory? Barabarani tunafanyaje?"

"Hatukimbii," Glory akasema.

"Na wewe ulifanyaje?"

"Nilikimbia."

"Haya. Mwombe Anti msamaha."

Mtoto akanitazama. Sikuona hasira usoni kwake, wala ujanja. Alikuwa anajaribu kuelewa kitu ambacho watu wazima wamekipanga vibaya. "Nisamehe Anti," akasema.

Mama yake akaenda jikoni kuchemsha chai. Glory akasogea karibu yangu, plasta ikanigusa. Akasema polepole, ili mama asisikie:

"Anti, si ndiyo uliniambia nikimbie?"

Hakunisema kwa mama yake. Usiku mzima wa Alhamisi na Ijumaa nzima kagombezwa kwa maneno yangu, na hakunisema. Sijui ni uoga, sijui ni adabu, sijui alidhani kweli yeye ndiye kasikia vibaya. Hapo kwenye kusikia vibaya ndipo paliponimaliza. Miaka sita nawafundisha watoto wa watu kuniamini kuliko macho yao wenyewe.

Nikamwambia, "Ndiyo mama. Nilikwambia mimi. Hukukosea kitu."

Nikaziweka zile doti kwenye meza, nikaenda jikoni.

Mama Glory alikuwa anaosha vikombe. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, bila kupumzika, kwa sababu nilijua nikipumzika sitaendelea. Kwamba sikushuka. Kwamba nilikuwa nimelowa, nimechoka, nikabaki kwenye kiti. Kwamba nilimwambia Glory akimbie. Kwamba kibendera nilikiokota baadaye na kituoni nilisema uongo.

Hakupiga kelele. Nilikuwa najiandaa kwa kelele. Alizima jiko, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono ina povu.

"Nimemchapa," akasema.

Nikasema, "Mama Glory..."

"Jana tulipotoka hospitali. Kofi moja la mguu. Mtoto ana mkono umevunjika na nikamchapa, kwa hasira ya kukimbia." Akanitazama. "Ondoka, Anti. Sikufukuzi kwa ubaya. Ila ondoka sasa hivi kabla sijasema neno."

Nikaondoka.

Chini Kariakoo ilikuwa inaendelea na yake. Watu wanapanga bidhaa upya baada ya mvua, redio zinashindana, kijibaridi kidogo. Ningeweza kurudi nyumbani. Nilikwenda kituoni. Nikasema nikilala na hili mpaka kesho nitapata sababu nzuri ya kutolisema, maana sababu nazo hazikosekani.

Afande aliyekuwa zamu ni mwanamke, mtu mzima kama mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kalamu chini.

"Unajua kuandikisha maelezo ya uongo ni kosa?"

"Najua, afande."

"Na shuleni kwenu wanajua?"

"Bado."

Akatoa karatasi nyingine, tukaanza upya, mstari kwa mstari. Saini yangu ya pili haikufanana na ya kwanza.

Alipomaliza akasema, "Usidhani umemsafisha. Basi lilikuwa limesimama, taa zinamweka. Pale alitakiwa asimame hata kama barabarani hakuna mtu wala kibendera. Wewe ni msaada tu pale, taa za basi zimeshamwambia. Kesi yake ipo. Lakini kumwona mtu kasimama mbele yako na bendera nyekundu ukampita, hilo ni jambo jingine, na hilo ndilo lililomlaza humu." Akafunga faili. "Na wewe tutakuita. Simu yako iwe hewani."

Mke wa yule kijana alikuwa pale kwenye benchi tangu mchana, na kaka yake, wameleta barua ya mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya dhamana. Sikujua ndio wao mpaka alipotolewa. Jina lake Shabani. Hana viatu, fulana ile ile iliyochanika, shavu limevimba. Mke wake akasimama, hakumkumbatia wala nini, akamvuta tu ile fulana begani kufunika palipochanika.

Shabani akaniona. Nikasema moyoni, sasa haya ndiyo yangu.

"Shikamoo mama," akasema.

Mtu niliyemlaza chini kwenye saruji kwa kutikisa kichwa ananiamkia. Nikaitikia marahaba nikiangalia miguu yake pekupeku.

Nikamwambia nimekuja kurekebisha maelezo. Nikamwambia nilisema uongo. Akasema afande kamweleza. Akakaa kwenye benchi kuvaa ndala alizoletewa.

"Mama, mimi ningekuona wewe barabarani ningesimama," akasema. "Usiku kucha nimekuwa nawaambia hivyo wenzangu mle ndani. Mimi sikumwona mtu. Nikafika mahali nikaanza kujiuliza, au nilimwona?"

"Hukuniona. Sikuwepo."

Akavaa ndala ya pili. Mke wake kamsimamia, anataka waondoke.

"Lakini basi nililiona," akasema. "Taa niliziona. Nilikuwa nimechelewesha mzigo, tajiri ananipigia simu kila dakika. Nikasema linashusha tu, nipite." Akainuka. "Mtoto anaendeleaje?"

"Mkono. Utaunga."

"Nikija kumwona watanifukuza?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, mimi mwenyewe nimefukuzwa.

Alicheka kidogo, kile kicheko cha kuishiwa, akashika shavu kwa maumivu. Wakaondoka watatu kwa miguu kuelekea Mchikichini. Mimi nikasimama pale nje ya kituo nisijue nielekee wapi, kama mtu aliyeteremshwa kituo si chake.

Hiyo ndiyo Ijumaa.

Leo asubuhi nilimpigia mwalimu mkuu kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Akasema Jumatatu nisipande basi, nifike ofisini saa mbili. Hakuniita Anti. Aliniita Bi Somoe.

Nimempigia Komba mara tatu, hapokei. Simlaumu. Nilipoenda kituoni nilibeba na jina lake, bila kumuuliza, na watoto wake wanne. Afande atamwita na yeye. Nimemwandikia meseji kwamba nitaeleza kuwa mimi ndiye niliyeanza, yeye alinifuata. Haitamsaidia sana. Nimemwandikia tu.

Najiuliza kama ningesema ukweli palepale barabarani, siku ile, mvuani. Watu walikuwa wameshaagiza tofali. Labda wangenigeuzia mimi. Labda ndiyo maana nilitikisa kichwa, kwa uoga wa watu, si wa kazi. Ningependa kuamini hivyo, inasikika vizuri zaidi. Lakini ile jioni kituoni hapakuwa na tofali. Palikuwa na meza, kalamu na mtu anayeniuliza kwa adabu.

Na ninajiuliza jingine. Mara kumi na moja nilishuka. Mara kumi na moja madereva walisimama au walilazimika kusimama kwa sababu kuna mwanamke analowa katikati ya barabara. Ikabaki moja, nikasema basi wataona taa. Si ndivyo inavyotakiwa? Si taa zinatosha? Mtu unapaswa uweze kuchoka siku moja, na mtoto avuke salama. Lakini hilo ni la kuwaambia madereva. Mimi kwa Glory halinisaidii.

Nilikuwa naandika hapo juu simu ikalia. Meseji, kutoka kwa Mama Glory. Niliiacha kwanza, nikaenda kugeuza nguo kwenye kamba, nikarudi nikaifungua.

"Daktari kampa wiki mbili za kukaa nyumbani. Anauliza akirudi shule nani atamvusha. Mimi sijamjibu. Mjibu wewe."

Hakuna salamu mwanzo wala mwisho. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kama kuna msamaha umejificha humo. Hamna. Kuna swali tu, na swali ni la mtoto.

Nimeandika nikafuta. Nimeandika kwamba sijui kama nitakuwa na kazi, nikafuta, maana hakuuliza habari za kazi yangu. Nimeandika naomba radhi, nikafuta, hiyo nilishaisema na itabidi niiseme tena, ila si hapa.

Mwisho nimeandika hivi: "Mwambie nitamvusha mimi. Niwe matroni nisiwe matroni, saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa hapo chini kwenu. Na tutatembea."

Ameisoma. Hajajibu.

Sitegemei ajibu leo. Mvua imeanza tena, naisikia kwenye bati. Naenda kuanua nguo zangu, halafu nitalala, mchana huu huu, hata kama usingizi hautakuja.